Plafon iliyoshuka: historia ya dari katika nyumba za Masisi na Walikale

Familia inayorudi nyumbani kutoka kambini hutazama juu kwanza. Manjanja yapo ama yamebebwa? Kama yapo, risasi zimetoboa wapi? Kisha macho yanakuja kwenye plafon, nayo mara nyingi imeshuka katikati kama tumbo la ng'ombe, na alama ya maji yenye rangi ya chai.

Wazee wetu hawakujua taabu hiyo. Ndani ya nyumba ya majani, juu ya mafiga, kulikuwa na dari ya fito ama mianzi. Mahindi ya mbegu yaliwekwa pale, pamoja na maharagwe na vikapu. Moshi ulipanda kutwa kucha, ukakausha chakula, ukafukuza wadudu, na kuzifanya fito zenyewe ziwe nyeusi na ngumu. Fito moja ikilegea, mwenye nyumba alikata nyingine na kuifunga kwa kamba ya msituni. Upande wa Walikale hata paa lilikuwa la majani mapana yaliyochumwa bila kulipa faranga moja.

Manjanja yalikuja na Wabelgiji: kwanza misheni, ofisi za serikali na mashamba ya wazungu. Kuanzia 1937 mamlaka ya kikoloni ilileta familia kutoka Rwanda na kuzikalisha Gishari, na milima ya Masisi ikafunguliwa kwa mashamba makubwa. Kidogo kidogo, mwenye pesa ya kahawa ama ya ng'ombe naye akaezeka kwa bati.

Bati halihitaji kubadilishwa kama majani, lakini Masisi ni baridi. Usiku pumzi za watu waliolala hupanda, hukutana na bati baridi na kugeuka maji. Kabla ya jua kutoka yanadondokea kwenye blanketi. Na mvua ikinyesha, hakuna anayesikia habari za redio, hata akiiweka sikioni. Ndipo watu wakaanza kutandika mikeka ya matete chini ya bati, baadaye triplex kwa aliyeweza.

Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda kama milioni moja waliingia upande wa Goma katika siku chache, na pamoja nao zikaja shitingi za HCR, zile za mita 4 kwa 5. Tangu hapo shitingi haijaondoka kwetu. Baada ya volkano ya Nyiragongo ya 17 mwezi wa kwanza 2002, watu wengi wa Goma walijenga nyumba za mbao juu ya mawe ya moto yaliyopoa, na shitingi ikawa plafon na ukuta wa ndani pia.

Plafon ya plasta ndiyo mgeni wa mwisho. Mmarekani Augustine Sackett alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1894: plasta na karatasi kwa tabaka. Ni nyeupe, inapendeza, na haishiki moto upesi. Adui yake ni maji, na katika nchi ya mvua kama yetu huyo si adui mdogo. Kipande cha mita 1.20 kwa 2.40 hufika kilo 25 kikiwa kikavu. Bati likivuja, plasta inakunywa maji, uzito unaongezeka, na vichwa vya misumari vinapenya kwenye karatasi. Kama fundi alibania sheveroni na kuziacha mbali mbali, mambo yanakwenda haraka zaidi.

Nyumba ikiwa imelaliwa na wenye silaha, yeyote yule, mtu asiguse plafon kwanza. Juu yake kunaweza kuachwa grenedi ama masasi. Wakiona kitu wasichokijua, watoke wote na kuwaita wanaoshughulika na kutegua mabomu.

Kukiwa salama, bati ndilo linalozibwa kwanza. Wengi huanza na plafon kwa sababu ndiyo wageni wanaiona. Mvua inayofuata inawarudisha mwanzo. Waya za sola zifunguliwe. Tumbo likiwa na maji, litobolewe kwa msumari, beseni likiwa chini, na fundi asimame pembeni. Kiachwe kikauke siku kadhaa. Kisha mti wenye ubao uliogongwa juu kama herufi T husukuma kipande polepole, na visi hukazwa karibu karibu kwenye sheveroni. Zikiwa chache, ziongezwe. Ila plasta iliyolainika hata kidole kinazama hairudi tena: hukatwa. Asiye na pesa ya plasta apigilie triplex ama mkeka wa matete mahali pale. Matete yanapitisha hewa, na yakilowa yanakauka.

Mwezi wa pili 2025 kambi nyingi za pembeni ya Goma zilivunjwa. Wengine walirudi Masisi wakakuta nyumba. Wengine walikuta msingi na majani marefu. Hao bado wanalala chini ya shitingi. Mvua ya usiku ikijaa juu, nayo inashuka tumbo, na mama anaamka, anachukua mti wa ufagio, anasukuma taratibu ili maji yasiende kwa jirani.