Jina la Khadija: Maana yake na Asili yake

Ni desturi njema mzazi kuuliza maana ya jina kabla ya akika. Lakini wako waliofungua kamusi ya Kiarabu wakakuta kuwa Khadija ni jina lenye maana ya kuzaliwa kabla ya siku kutimia, wakaingiwa na wasiwasi hata wakataka kuwabadilisha binti zao jina. Kwa ajili yao nimeona niandike haya machache.

Asili yake ni neno khadaja, ambalo Waarabu wa kale walilitumia zaidi kwa ngamia. Wajuzi wa lugha wametenga maneno mawili hapa. Ngamia akizaa kabla ya wakati, ijapokuwa mtoto ametimia viungo, husemwa khadajat. Akitimiza miezi yake kisha akazaa mtoto mwenye upungufu, husemwa akhdajat. Khadija limetokana na lile la kwanza: aliyetangulia siku zake, wala si mwenye kasoro. Ni kweli kuwa katika Hadithi sala isiyosomwa Alhamdu imeitwa khidaj, yaani pungufu, na shina ni moja. Nadhani hapo ndipo wengi walipotishika.

Sasa na tuitazame historia. Mtume (S.A.W.) alikuwa akibadilisha majina yasiyofaa. Binti mmoja wa Sayyidna Omar aliitwa Asiya, yaani muasi, naye akamwita Jamila. (Hilo si jina la mkewe Firauni, hili la muasi lina herufi ya ain, nasi tusioitamka huyasikia kuwa ni mamoja.) Hata Barra, yaani mwema, alilibadilisha likawa Zainab, kwa kuwa lina kujisifu. Basi yeye aliyepima majina kwa mizani hiyo aliishi na Bibi Khadija bint Khuwailid yapata miaka 25, wala hakuligeuza jina lake.

Naye Bibi Khadija (R.A.) alikuwa Mkureshi wa ukoo wa Asad, tajiri ambaye mali yake ilisafirishwa hata Sham. Watu walimpa lakabu ya Tahira, aliyetakasika. Alimpa Mtume kazi ya biashara yake kabla ya utume, akamfuatanisha na mtumishi wake Maisara. Walipooana Mtume alikuwa na miaka 25. Bibi, kwa riwaya mashuhuri, 40, na wengine wamesema 28. Wahyi ulipoanza alimwamini kabla ya watu wote, akampeleka kwa Waraka bin Naufal, mwana wa ami yake. Alifariki yapata miaka 3 kabla ya Hijra, akazikwa Hajun, Makka. Baada ya hapo Mtume akichinja mbuzi aliwapelekea sehemu rafiki zake Khadija.

Kwa ajili yake jina hili limeenea kote. Waturuki husema Hatice, na Afrika ya Magharibi wako wasemao Kadiatou. Sisi twasema Hadija, na katika nchi zetu zilizotawaliwa na Wabelgiji huandikwa pia Hadidja, kwa mwandiko wa Kifaransa. Sioni ubaya wake. Ila chuoni mtoto afundishwe kuliandika kwa khe yenye nukta juu.