Kanisa na Vyama vya Wafanyakazi: Ujira wa Haki Kisiwani Songo Songo

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Katika miradi ya namna hii, walinzi, wapishi, wafanya usafi na vibarua mara nyingi huajiriwa na wakandarasi, watano hapa, wanane kule, wala hawakutani kwa urahisi. Makala haya yanaeleza jinsi Kanisa na vyama vya wafanyakazi wanavyoweza kuwatumikia kwa pamoja.

Papa Leo XIII, katika waraka Rerum novarum wa tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki, kwani mwenye shida hulazimika kukubali chochote. Alitetea pia haki ya wafanyakazi kuungana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (Gaudium et spes, 68) uliihesabu haki hiyo miongoni mwa haki za msingi za binadamu. Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye ujanani alifanya kazi machimboni na kiwandani, aliirudia mwaka 1981 katika Laborem exercens, akionya vyama hivyo visifungamane mno na siasa za vyama. Kwetu onyo hilo lina historia: mwaka 1964 shirikisho huru la wafanyakazi lilivunjwa, ikaundwa NUTA chini ya mbawa za TANU.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Jambo ambalo wengi visiwani hawalijui ni kwamba hata mahali penye wanachama wasiofikia kumi, sheria inawaruhusu kuwa na mwakilishi mmoja. TAMICO huandikisha wafanyakazi wa migodi, nishati na ujenzi; CHODAWU wale wa mahotelini na majumbani. Aidha, anayeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu za kufikisha shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; akichelewa, itambidi kwanza aombe kibali na kueleza sababu. Kwa mkazi wa kisiwa, asiye na nauli ya chombo wala mtu wa kumwandikia, siku hizo huisha upesi.

Hapa ndipo tunapohitajiana. Chama kina uwezo wa kisheria: hukaa mezani na mwajiri na kutia saini mkataba wa hali bora. Padre hana uwezo huo, na barua ya paroko, hata ikiandikwa kwa Kiswahili fasaha, haimfungi mkandarasi. Lakini Kanisa lina jumuiya ndogondogo, ambamo mpishi husema mambo asiyothubutu kuyasema kazini, na lina Tume ya Haki na Amani ya kumsindikiza hadi chamani kabla siku hazijaisha.

Tena, kisiwani na pwani nzima ya Kilwa, wengi wa wafanyakazi hao ni Waislamu. Tukitetea Wakatoliki peke yao, tutakuwa tumewagawa watu ambao nguvu yao ni umoja. Njia imekwisha kuoneshwa: mwaka 2008 TEC, BAKWATA na CCT walitoa kwa pamoja taarifa kuhusu manufaa haba ambayo Tanzania ilikuwa ikipata katika dhahabu yake. Sheikh na padre wakienda pamoja kwa mwajiri, ni vigumu shauri kuitwa la dini moja.

Tuna pia deni la nyumbani. VIWAWA ni Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, chipukizi la utume ulioanzishwa na Padre Joseph Cardijn huko Ubelgiji mwaka 1925 kwa ajili ya vijana wa viwandani. Katika parokia nyingi neno la mwisho limesahaulika, zimebaki nyimbo na michezo. Na Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilikumbusha kwamba anayewahubiria watu haki ni lazima kwanza aonekane mwenye haki machoni pao. Paroko anayekwenda kuonana na viongozi wa chama, na aende akiwa amekwisha kumpa mpishi na mlinzi wake mkataba wa maandishi, na michango yao ya NSSF ikiwa imelipwa.