Ngano ya Cinderella na Suala la Sura katika Filamu

Mwaka 2019 ilipotangazwa kwamba Halle Bailey, Mmarekani mweusi, angeigiza nguva katika filamu iliyotoka 2023, walitokea wapinzani waliodai kwamba asili ya hadithi ya Andersen, iliyochapishwa mwaka 1837, imevunjwa. Dai hilo lastahili kupimwa kwa historia, na ngano ya Cinderella ni kipimo kifaacho.

Ngano hii haina mwenyewe mmoja. Katika karne ya 9 Duan Chengshi aliiandika huko China: binti aitwaye Yexian ateswa na mama wa kambo, asaidiwa na mifupa ya samaki, kisha atambulikana kwa kiatu cha dhahabu. Kiatu cha kioo ni cha Perrault, aliyechapisha masimulizi yake Paris mwaka 1697. Kwa ndugu Grimm, mwaka 1812, msaada watoka kwenye mti uliomea juu ya kaburi la mama. Filamu ya Walt Disney ya 1950 ilimfuata Perrault. Na kwa kuwa ilienea mno, sura ya binti wake mzungu ikadhaniwa kuwa ndiyo ngano yenyewe. Hivyo nakala moja ikatawazwa kuwa asili.

Mwaka 1997 televisheni ya Marekani ilionyesha Cinderella nyingine, iliyotokana na mchezo wa nyimbo wa Rodgers na Hammerstein wa 1957. Brandy, mwimbaji mweusi, alikuwa Cinderella; Whitney Houston alikuwa mlezi wake wa miujiza. Malkia alikuwa mweusi, mfalme mzungu, na mwana wao aliigizwa na Paolo Montalban, mzaliwa wa Ufilipino. Hakuna mhusika aliyelishangaa jambo hilo. Hata hivyo, waigizaji ndio waliobadilika zaidi. Mateso, karamu, kiatu na ndoa vilibaki palepale.

Filamu ya binti mfalme na chura ya mwaka 2009 ilikwenda mbele zaidi. Tiana, binti mfalme mweusi wa kwanza wa Disney, alipewa mji wake, New Orleans, na kazi yake, upishi. Lakini kwa sehemu kubwa ya filamu yeye ni chura. Wahakiki wakauliza, si bure, sura iliyongojewa miaka mingi imefichwa kwa nini.

Waswahili wana ushahidi wao juu ya jambo hili. Katika kitabu cha Perrault cha 1697 mna pia paka mwerevu anayemtajirisha bwana wake maskini. Katika hadithi za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870, kazi hiyo yafanywa na paa, katika hadithi ya Sultani Darai. Lakini tofauti si ya mnyama tu. Bwana wa paka astarehe hadi mwisho. Darai ampuuza paa mgonjwa hadi afe, naye arejea jaani alikotoka. Fanani wa Unguja hakubadili ngozi ya mnyama peke yake, aliibadili hukumu.

Basi anayemkataza mwigizaji mweusi kwa jina la asili hana hoja, kwani ngano huishi kwa kubadilishwa. Lakini naye mtengenezaji wa filamu asitosheke na sura. Aliyepewa uso katika hadithi bila kupewa neno katika hukumu yake bado ni mgeni wa karamu, si mwenyeji.