Udhamini wa maonyesho ya muziki nchini Tanzania

Udhamini wa maonyesho ya muziki ni makubaliano ambayo kampuni hutoa pesa, vifaa au huduma kwa ajili ya onyesho la jukwaani, nayo hupewa nafasi ya kutangaza jina na bidhaa zake kwa watazamaji. Nchini Tanzania wadhamini wanaojulikana zaidi ni kampuni za bia na za simu. Kwa mwanamuziki wa kujitegemea, yaani asiyeajiriwa na bendi wala kufungwa na mkataba wa kampuni ya muziki, udhamini mara nyingi huamua kama onyesho litafanyika au la. Vilevile huleta swali la uhuru wake: nani anachagua nyimbo, nani analipwa kwanza, na nani anabaki na hasara.

Udhamini hutofautiana na ufadhili. Mfadhili, kwa mfano ubalozi au taasisi ya utamaduni, hutoa ruzuku ili kazi ya sanaa ifanyike. Mdhamini hutarajia faida ya kibiashara.

Historia

Kumtegemea mwenye mali si jambo geni kwa wanamuziki. Katika tawala za kale za Kagera, zikiwemo za Karagwe na za Wahaya, wapiga ngoma na nanga walitumikia majumba ya wakama, na sifa za mtawala zilikuwa sehemu ya kazi yao.

Baada ya uhuru, bendi nyingi za dansi zilimilikiwa na mashirika ya umma, jumuiya na vyombo vya dola. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Baadaye iliitwa JUWATA, OTTU na hatimaye Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianzisha Urafiki Jazz mwaka 1970, na kazi yake mojawapo ilikuwa kutangaza khanga za kiwanda hicho. Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala, na Bima Lee chini ya Shirika la Bima la Taifa. Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978, ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam (DDC) mwaka 1983.

Katika mfumo huo mwanamuziki alikuwa na mshahara, lakini vyombo vilikuwa vya shirika. Aliyeacha kazi aliondoka mikono mitupu. Mfumo ulidhoofika uchumi ulipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Redio binafsi, studio na kampuni za simu zilipoenea katika miaka ya 1990 na 2000, wasanii wa bongo fleva walianza kufanya kazi bila mwajiri. Nafasi ya shirika lenye bendi ikachukuliwa na kampuni inayolipia onyesho moja au ziara moja.

Mifano

Fiesta ni ziara ya muziki iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuandaliwa na kundi la Clouds, ambalo mmoja wa viongozi wake alikuwa Ruge Mutahaba (1970–2019), mwenye asili ya Mkoa wa Kagera. Jina la ziara lilibadilika kufuata mdhamini: liliwahi kuwa Serengeti Fiesta, kwa jina la bia, kisha Tigo Fiesta, kwa jina la kampuni ya simu.

Tuzo za muziki za Kilimanjaro, zilizoanza mwaka 1999, zilipata jina hilo kwa udhamini wa bia ya Kilimanjaro na zilifuatana na maonyesho ya wasanii mikoani. Baada ya mwaka 2015 tuzo hizo zilisimama, na serikali ilizirudisha mwaka 2022 kwa jina la Tuzo za Muziki Tanzania.

Sauti za Busara, tamasha lililoanza Zanzibar mwaka 2004, hutaka wasanii wapige muziki wa moja kwa moja badala ya kuimba juu ya muziki uliorekodiwa. Kwa miaka mingi lilitegemea sana wafadhili wa nje. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Baadaye mradi wa makazi wa Fumba Town ulijiunga nalo kama mdhamini mkuu.

Nchini Kenya, mwanamuziki Muthoni Drummer Queen alianzisha mwaka 2008 tamasha lake mwenyewe, Blankets & Wine. Ni mfano wa msanii wa kujitegemea anayezungumza na wadhamini akiwa mwenye jukwaa, si mgeni wa jukwaa la mwingine.

Mkataba na malipo

Kwa kawaida pesa hupita kwa mwandaaji wa onyesho kabla ya kumfikia msanii. Hivyo msanii anaweza kupanda jukwaa lenye nembo ya kampuni kubwa huku yeye hana makubaliano yoyote na kampuni hiyo. Mkataba ulioandikwa vizuri hutaja:
- kiasi cha malipo, na sehemu inayolipwa kabla ya onyesho;
- anayegharamia usafiri, malazi, vyombo na wapigaji;
- muda ambao msanii haruhusiwi kutangaza bidhaa shindani;
- matumizi ya picha na sauti ya msanii baada ya onyesho;
- malipo iwapo onyesho litaahirishwa.

Maonyesho pia huhitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Masuala ya hakimiliki husimamiwa na COSOTA kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999.

Hoja na malalamiko

Wanaounga mkono udhamini husema kwamba kiingilio peke yake hakitoshi kulipia jukwaa, mitambo na bendi, hasa mahali ambapo watazamaji wana kipato kidogo. Wakosoaji hutaja mambo matatu: matangazo ya pombe mbele ya vijana, wasanii kuogopa kuimba mambo yanayoweza kumuudhi mdhamini, na nguvu kubwa ya waandaaji ambao pia wanamiliki redio. Mwaka 2011 kundi la wasanii wa hip hop waliojiita Vinega, akiwemo Joseph Mbilinyi (Sugu), lilitoa kanda mseto ya Anti-Virus likilalamikia nguvu hiyo.

Maeneo ya vijijini

Udhamini hufuata soko, kwa hiyo ziara kubwa huishia katika miji mikuu ya mikoa. Mkoani Kagera kituo ni Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga, makao makuu ya Karagwe. Msanii wa kata kama Nyakasimbi, au wa wilaya jirani ya Kyerwa, hutegemea zaidi harusi, sherehe, kampeni za siasa na michango ya wafanyabiashara wa karibu. Saida Karoli, aliyeimba kwa Kihaya na kujulikana nchi nzima mwaka 2001 kwa wimbo Maria Salome, alionyesha kwamba lugha ya nyumbani haimzuii msanii kupata wasikilizaji wengi. Hata hivyo, alihitaji kampuni ya kurekodi na kusambaza kazi yake.

Tazama pia
- Bongo Flava
- Muziki wa dansi
- Sauti za Busara
- Saida Karoli
- Mkoa wa Kagera