Kuisoma Balbu ya Kale

Anzia kileleni. Balbu ya kawaida ya nyumbani yenye ncha kali ya kioo juu kabisa huwa ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1920. Hapo ndipo mrija wa kunyonyea hewa ulipoyeyushwa na kuzibwa. Baadaye mrija ulihamishiwa chini, ukafichwa ndani ya kitako. Ncha peke yake haitoshi, kwani balbu za mapambo ziliendelea kuwa nayo.

Shahidi bora ni uzi unaowaka. Uzi mweusi uliopinda mara moja au kufanya kitanzi ni wa kaboni. Thomas Edison alianza kuuza balbu zake mwaka 1880, na muda mfupi baadaye akatumia nyuzi za mwanzi wa Japani, zilizounguzwa kwa uangalifu wa ajabu. Uzi mwembamba unaopanda na kushuka kati ya vikulabu vingi ni wa metali. Metali hiyo mara nyingi ni tungsteni; ile ya mwanzo ilivunjika upesi, mpaka William Coolidge wa General Electric alipoweza kuivuta iwe waya. Balbu zake ziliuzwa kuanzia 1911.

Uzi uliosokotwa kama springi ni wa 1913 na kuendelea, mwanakemia Irving Langmuir alipojaza balbu gesi badala ya kuiacha tupu. Kioo kilichotiwa ukungu kwa ndani kilikuja 1925.

Kisha geuza kitako: plasta nyeupe kati ya sehemu za shaba ni dalili ya karne ya 19.