Mti na Mboga: Historia ya Konde Dogo la Unguja

Asomaye tarikhi za Unguja hukutana na karafuu katika kila ukurasa. Hukuta hesabu ya miti, bei ya frasila, ushuru uliotozwa forodhani, na majina ya matajiri waliojenga majumba ya mawe kwa faida yake. Mara chache hukuta mchicha. Hapana daftari la forodha lililoandika kisamvu, wala hapana mfalme aliyekumbukwa kwa amri juu ya matembele. Lakini watu waliozichuma karafuu hizo, wakazianika na kuzipakia majahazini, hawakula karafuu. Walikula kilichotoka katika konde dogo lililo nyuma ya nyumba. Makusudi ya makala haya ni kulitazama konde hilo, na kuuliza kwa nini mboga zake ni zile zile ambazo mpaka leo mtu anayeanza kulima huambiwa kuwa ni rahisi.

Mboga zenyewe ni tano: mchicha, kunde, matembele, kisamvu na bamia. Mchicha husiwa katika tuta lililolainishwa na kutiwa samadi iliyooza, na baada ya wiki nne hivi huwa tayari kuliwa. Ukikatwa pasipo kung'olewa, huchipua tena. Kunde humpa mkulima majani kabla ya kumpa punje, na mizizi yake huurutubisha udongo. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, hayataki mbegu: kipande cha shina cha urefu wa shibiri moja na nusu hufukiwa nusu yake wakati wa mvua, kikashika. Kisamvu ni majani ya muhogo, ambao nao hupandwa kwa kipande cha shina na huvumilia kiangazi. Ila majani hayo yana sumu, kwa hiyo hapana budi yatwangwe na kupikwa sana. Bamia hutiwa mbegu pale pale itakapokaa, na baada ya miezi miwili hivi huchumwa kila siku mbili au tatu, maana ikiachwa hukomaa ikawa nyuzi tupu. Tungule na biringani hutaka zaidi: kitalu, kuhamishwa miche, na macho ya kuangalia wadudu na maradhi. Yafaa zingoje mpaka mkono wa mkulima umezoea.

Ikiwa msomaji atazipima mboga hizi tano, ataona kwamba zinafanana katika mambo matatu. Hazihitaji fedha nyingi, kwa sababu mbegu au vipande vyake huombwa kwa jirani. Hazihitaji muda mrefu, isipokuwa muhogo, na hata huo hutoa majani siku nyingi kabla ya kutoa mizizi. Tena hazimfungi mtu mahali pamoja, kwa kuwa akihama huweza kuchukua mzigo wa vipande vya mashina na kifuko cha mbegu akaanza upya. Sifa hizi tatu ndizo zimtoshazo mtu asiye na mali, asiye na wakati wake mwenyewe, na asiye na hakika ya kuwapo pale mwakani. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi Unguja kwa muda wa zaidi ya miaka mia, na urahisi wa mboga hauwezi kufahamika mbali na maisha yao.

Ukulima wa chakula kisiwani ni wa kale kuliko karafuu. Huko Unguja Ukuu, bandari iliyositawi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta punje zilizoungua za mtama na uwele, nafaka za Afrika. Muhogo na viazi vitamu vilikuja baadaye kabisa. Asili yake ni Amerika, na vilivuka bahari baada ya safari za Wareno, ambao Vasco da Gama wao alipita Unguja mwaka 1499. Bamia imebaki na jina lake la Kiarabu. Kwa hivyo konde la Mswahili lilikusanya mimea ya pande nyingi za dunia, lakini lenyewe lilibaki dogo na la nyumbani.

Mambo yaligeuka katika karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan alipofanya Unguja kuwa makao yake, alihimiza kupandwa mikarafuu, na ardhi nzuri ya magharibi na kaskazini, yenye udongo mwekundu na mvua nyingi, ikawa mashamba makubwa. Wenyeji wengi walisukumwa upande wa mashariki na kusini, penye ardhi ya mawe, ambapo mkulima hupanda katika vishimo vya udongo baina ya mwamba. Kazi ya mashamba ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Desturi iliyoenea ni kwamba mtumwa wa shamba alimfanyia bwana wake kazi siku tano, na siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, zilikuwa zake. Alipewa ngwe ya ardhi ajilimie chakula. Ni dhahiri kwamba mtu mwenye siku mbili kwa juma hawezi kulima zao linalotaka kutunzwa kila asubuhi. Muhogo, kunde na mboga za majani ndizo zilizoingia katika siku zile mbili. Bwana alipata faida mara mbili: kazi ya siku tano, na kuepukana na gharama ya kumlisha mfanyakazi.

Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliivamia Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba haikudhurika sana, na tangu hapo ndiyo iliyotangulia kwa karafuu. Mkarafuu hukaa miaka kadha kabla ya kuzaa, na mwenye shamba aliyepoteza miti yake kwa mara moja alikuwa na miaka ya kungoja. Mchicha hungojwa wiki nne. Hesabu hizi mbili zikiwekwa pamoja zaonyesha ni kitu gani kilichoweza kuwalisha watu wakati miti mipya ilipokuwa ingali michanga.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria. Waliopata uhuru hawakupata ardhi. Wengi wao walibaki pale pale katika mashamba, na baadaye walijiunga nao watu wengine kutoka bara na kutoka vijiji vya ardhi ya mawe. Mwenye shamba aliwaruhusu kujenga vibanda na kulima chini ya mikarafuu na minazi, na wao walimpalilia miti yake. Mapatano hayo yalikuwa na sharti moja lenye uzito mkubwa: waliruhusiwa kupanda mazao ya msimu, lakini hawakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu.

Sharti hilo halieleweki ila kwa kufahamu desturi ya pwani. Hapa Unguja mti una mwenyewe. Mtu aweza kuwa na mnazi katika ardhi isiyo yake, akauvuna, akaurithisha kwa wanawe, au akauuza peke yake. Kwa hiyo aliyepanda mti alikuwa ameweka shahidi ardhini. Mboga haina ushahidi wa namna hiyo. Ikisha kuvunwa, hakuna alama iliyobaki. Kwa maneno mafupi, mti ulikuwa haki na mboga ilikuwa ruhusa. Mwenye shamba aliikubali mboga kwa sababu ile ile iliyomfanya aukatae mnazi. Hivyo urahisi uliomlisha mkaazi wa shamba ndio pia uliomwacha bila dai. Alilima miaka thelathini pahali pamoja, na mwaka wa thelathini alikuwa mgeni kama siku ya kwanza.

Wakati wote huo mji ulikuwa ukitegemea makonde hayo. Nyumba za Mji Mkongwe zimesongamana, kuta zao ni nene, na vichochoro baina yake havina nafasi ya tuta. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, aliuletea mji maji safi kwa mfereji kutoka chemchemi za upande wa kaskazini. Lakini majani ya mboga hayawezi kupitishwa katika mfereji. Yaliletwa na watu, kwa vichwa, kwa punda na kwa magari, mpaka kwenye soko la Darajani, ambalo jengo lake ni la mwaka 1904. Fungu la mchicha lililonunuliwa hapo lilitoka katika ardhi ambayo aghalabu mkulima wake hakuimiliki.

Vita Kuu ya Pili vilimfunulia kila mtu jambo lililokuwa limefichika. Unguja ilizoea kununua mchele kwa fedha ya karafuu, na sehemu kubwa ya mchele huo ilitoka Burma. Wajapani walipouteka mji wa Rangoon mwezi wa Machi 1942, njia hiyo ilikatika. Serikali ikaanza kugawa chakula kwa kipimo, tena kwa kufuata makabila ya watu, hata mchele ukawa alama ya daraja. Ndipo ulimaji wa chakula ulipohimizwa kwa nguvu, na muhogo, uliokuwa ukidharauliwa kuwa chakula cha wanyonge, ukapata heshima mezani. Baada ya vita, mwaka 1949, R. O. Williams alichapisha kitabu kikubwa cha kueleza mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Kuandikwa kwa mimea hiyo kulikuwa jambo jema. Lakini waliokuwa wakiilima walibaki katika hali yao ya ruhusa.

Ruhusa hiyo ilivunjika baada ya uchaguzi wa Julai 1957. Siasa iliingia shambani, wenye mashamba na wakaazi wakajikuta katika vyama vinavyopingana, na wakaazi wengi walifukuzwa. Hawakuwa na mti wa kuuonyesha. Waliondoka wakaacha matuta, na matuta hayasemi kitu mbele ya kadhi wala mbele ya hakimu. Uchungu wa kufukuzwa huko ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotangulia Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Baada yake ardhi ilifanywa mali ya umma, na katika miaka iliyofuata ikagawiwa kwa eka tatu tatu. Mtu aliyekuwa hana ila mboga akapata, kwa mara ya kwanza, mahali pa kupanda mti wake. Hata hivyo konde halikumaliza kazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele na unga vilipoadimika na watu kusimama katika foleni, muhogo na majani yake vilirudi tena katika vyungu vya mjini na vya shamba.

Tangu siku hizo hali imebadilika kwa njia nyingine. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Zanzibar watu karibu 1,890,000, na nyumba zinaenea juu ya ardhi iliyokuwa ya kulimwa. Hapo ndipo historia hii inapomgusa mtu wa leo. Kiwanja chenye minazi huonekana kina mwenyewe. Kiwanja chenye mchicha na matembele huonekana machoni pa wengi kuwa ni kitupu, kinachongoja kujengwa. Mawazo hayo ni mabaki ya lile sharti la zamani, ingawa waliolitunga wamekwisha kutoweka.

Anayeanza kulima na achague basi mboga hizi tano bila haya. Mkaazi wa Mji Mkongwe asiye na ardhi aweza kuotesha mchicha katika debe lililotobolewa chini, mahali panapopata jua. Aliye na kiambo na apande kunde na bamia katika mvua za masika au za vuli, na vipande vya matembele pembeni, penye unyevu. Maarifa atakayoyatumia hayakutoka katika chuo kwanza. Yalikusanywa na watu waliokuwa na siku mbili kwa juma na ngwe isiyo yao, wakajaribu mmea baada ya mmea mpaka wakabakisha ile isiyowaangusha. Walichoshindwa kukipata kwa mboga zao ni dai la kubaki pale walipolima. Chakula walikipata, na kisiwa kikala.