Kanisa la Mtakatifu Yosefu Mjini Dar es Salaam

Msafiri atokaye kwetu Kilosa kwa reli, akifika Dar es Salaam na kuelekea bandarini, huuona mnara mrefu wenye ncha. Ndio mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Wengi hulisifu kwa vioo vyake vya rangi. Lakini yafaa sisi, na watoto wa shule vilevile, tujue kwamba nyumba ile ilisimamishwa kati ya vita na vita.

Wamisionari Wabenediktini wa St. Ottilien, Wadachi, kama wazee walivyowaita Wajerumani, walifika mwaka 1888 wakajenga Pugu. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misioni ile ilishambuliwa. Mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakatekwa. Ndipo kazi ikaanzwa upya mjini, karibu na bahari. Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1897, likamalizika 1902, nalo lina matao yenye ncha kama makanisa ya kwao Bavaria, ingawa limezungukwa na minazi na joto la pwani.

Mwaka huo wa 1902 Padre Cassian Spiss alipewa uaskofu. Agosti 1905 akauawa safarini upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Hivyo ndivyo vita vya Maji Maji, vilivyofika hata milima yetu ya Vidunda. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, na pamba ya kulazimishwa, na viboko. Na machoni pao mgeni wa misioni na mgeni wa serikali walikuwa ni wa nyumba moja. Kwa hiyo twaona si haki kuwalaumu wazee upesi, wala si haki kuwasahau waliouawa. Nayo Reli ya Kati, itupelekayo pale, ilianza kujengwa mwaka uleule wa 1905.

Baada ya vita vya 1914 hata 1918 Wajerumani waliondoshwa nchini, nyumba yao ikabaki. Mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi waliipokea kazi. Hata mwaka 1968 Kardinali Laurean Rugambwa, mwana wa Buhaya, akateuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti kile. Leo Misa husomwa humo kwa Kiswahili, na mabenchini huketi Wazaramo, Wahaya, Wachaga, na Wavidunda waliohamia mjini.